Chumba cha Pili

Siku ambayo mumewe alimfungashia sanduku, Hamira alitoka kazini mapema kwa sababu tanuri kubwa la mikate lilikuwa limegoma. Laiti lingekuwa zima, angefika nyumbani saa kumi kama kawaida yake, na huenda angekuta mambo yameshapikwa na kupakuliwa, yeye akaitwa kula tu. Lakini tanuri liligoma, msimamizi akawaambia waokaji waende zao, na ilipofika saa nane kasoro robo alikuwa anausukuma mlango wa nyumba yake, unga ungali kwenye nyusi.

Alikuta watu wawili sebuleni, wamenyamaza kama wanaosubiri kuitwa na daktari.

Mmoja alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, mwanamke ambaye hata akiitikia salamu huonekana kama anaisahihisha. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini, mikono juu ya mkoba. Wa pili alikuwa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi kwa kazi yake ya kuandika mabango ya maduka. Ndiye aliyembandika mkewe jina la Hamira, tangu siku walipojuana, kwa sababu ya kazi yake ya kuoka na kwa sababu, kama alivyopenda kuwaambia rafiki zake, "Huyu akiingia mahali, kila kitu kinaumuka." Siku hiyo hakuwa na mzaha. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua rangi iliyokauka kwenye ukucha wa kidole gumba. Katikati yao, sakafuni, lilisimama sanduku la Hamira la kahawia, limefungwa mkanda.

"Dada! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kaa kwanza."

"Sikai. Sanduku langu linafanya nini hapa?"

Dada mtu akamtazama shemeji yake. Shemeji akautazama ukucha wake.

"Mwambie wewe," dada alisema. "Aliyenipigia simu ni wewe."

Brashi akakohoa kidogo. Hakikuwa kile kikohozi cha ugonjwa. Kile kilikuwa kimekwisha miezi mingi nyuma. "Nimemwomba dada yako aje akuchukue," alisema. "Nguo nimekufungashia. Zile nzito nitazileta baadaye."

Hamira alisimama palepale mlangoni. Alisikia maneno, lakini yalimchukua muda kumwingia, kama maji kwenye udongo mkavu.

Miezi tisa kabla ya siku hiyo, kikohozi kisichosikia dawa kilikuwa kimempeleka Brashi hospitali, na huko wakampima kila kitu. Akakutwa na virusi vya UKIMWI. Hamira naye akapimwa siku ileile, akapimwa tena baada ya miezi mitatu, na hakuwa navyo. Jioni ya majibu, Brashi alipasua jipu mwenyewe bila kuulizwa: miaka miwili nyuma, alipokaa miezi saba mji wa mbali akipaka rangi jengo la shule, kulikuwa na mwanamke. Hakumpenda, alisema. Alikuwa mpweke tu, alisema. Hamira alimrushia kiatu, kikamkosa, kikavunja kioo cha dirisha. Alilia wiki nzima. Akaacha kumpikia, akaanza tena. Akaacha kusema naye, akaanza tena. Hasira ilikaa kama mgeni asiyejua kuaga, kisha asubuhi moja akaamka akaona imemwachia nafasi kidogo ya kuvuta pumzi. Haikuwa imekwisha; mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini alikuwa tayari kuanza kurudi kwa mumewe, hatua kwa hatua.

Kufikia hapo mumewe alikuwa ameshahamia chumba cha pili.

Kilikuwa chumba cha kuwekea makopo ya rangi, ngazi na mbao za mabango. Brashi aliingiza humo godoro jembamba akasema ni kwa muda tu, mpaka dawa zifanye kazi. Akachukua kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja na ndoo moja, akavitia kila kimoja nukta ya buluu kwa brashi yake ndogo kuliko zote, visije vikachanganyika na vya mkewe. Muuguzi alikuwa amewaambia wazi, wote wawili wakiwa wamekaa mbele yake, kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe. Akawaambia na ya kitandani: kwa sasa watumie kondomu, dawa zikimezwa kila siku virusi vitafubaa, na vikishuka mpaka kipimo kisivione, vikabaki hivyo, mume hawezi kumwambukiza mkewe wanapolala pamoja. "Hawezi kabisa," muuguzi alirudia, maana aliona Brashi hajainua macho.

Boksi la kondomu waliloondoka nalo lilikaa kwenye droo ya kitanda, halijafunguliwa hata siku moja.

Hamira alikuwa na mume, na hakuna mtu aliyemgusa. Miaka yao ya nyuma, Brashi alikuwa na mchezo wa kumwandikia herufi mgongoni kwa kidole, mojamoja, yeye akikisia neno, na mengine yalikuwa maneno ya kumchekesha mpaka jirani agonge ukuta. Sasa kitu pekee alichokigusa kutwa nzima kilikuwa unga. Akilala, alimsikia mumewe akijigeuza upande wa pili wa ukuta, kopo likigonga kopo. Siku moja alikunywa chai kusudi kwenye kikombe chenye nukta ya buluu. Brashi alimpokonya, akamwaga chai, akakisugua kikombe kwa stilwaya mpaka vidole vikawa vyekundu. "Unataka nikuue?" alimuuliza. Hamira alitaka kumjibu kuwa kuna namna nyingi za kumuua mtu. Akayameza maneno yake pamoja na lile funda moja la chai aliloliwahi.

"Anichukue?" alisema sasa, bado amesimama. "Mimi ni mzigo wa stendi?"

"Mdogo wangu, usipandishe sauti," dada alisema. "Mwenzako amefikiria kiutu uzima. Una miaka thelathini na moja, u mzima, huna mtoto. Mume mwenyewe anasema ubaki mzima. Wanaume wangapi wangesema hivyo? Wengine wangekukalia kimya muoze wote."

"Dada, kuna aliyeniuliza mimi?"

"Nikuulize nini? Mama kila siku anauliza mjukuu wake yuko wapi. Nimjibu nini?"

"Mwambie tanuri limeharibika."

Brashi nusura acheke. Hamira alikiona kicheko kikimpanda mpaka pembe ya mdomo, kikafia hapo. Kumbe yule mtu wake bado yumo humo ndani.

"Wewe, nitazame," alimwambia. "Umenichoka?"

"Sijakuchoka."

"Hunipendi?"

"Dada yako yuko hapa."

"Dada yangu ana watoto wanne, haya mambo anayajua. Hunipendi?"

"Nakupenda, na ndiyo maana..."

"Ukimalizia hayo maneno nitakurushia kiatu kingine."

Dada akavuta pumzi ndefu ya darasani. "Sikilizeni. Mapenzi hayazuii damu. Leo mnajichunga, kesho mtasahau, mtateleza. Halafu?"

"Kuteleza wapi, dada?" Hamira alicheka kicheko kikavu. "Huyu hajanishika hata mkono. Nikimpita koridoni anajibana ukutani utadhani napita na gari. Nikimpa sahani anasubiri niiweke mezani kwanza. Unanihofia mimi kuteleza, na mimi hata pa kukanyaga sina!"

Dada akatazama pembeni. Hakuwa amelitegemea hilo, na hakuwa mtu wa kuyasikia mambo kama hayo bila kurekebisha mkoba.

"Muuguzi alisema vikishafubaa hawezi kuniambukiza," Hamira aliendelea, sauti ikishuka. "Damu alishatolewa, mwezi wa sita wa dawa. Tunasubiri majibu tu. Alhamisi ni kliniki yake. Nitaomba ruhusa kazini, tutakwenda wote, tutayaulizia. Yakiwa mabaya tutajua la kufanya. Yakiwa mazuri, wewe dada utarudi hapa kula, na utaomba radhi kabla ya kunawa." Akamgeukia mumewe. "Alhamisi tunakwenda. Sawa?"

Brashi alikwangua ukucha.

"Sawa?"

"Hakuna haja."

"Haja ya nini?"

"Ya kuulizia." Aliacha kukwangua ukucha. "Yalishatoka."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitu kizito barabarani. Wote watatu walisikiliza mpaka kikapita.

"Lini?" Hamira aliuliza.

"Wiki saba sasa."

"Yanasemaje?"

Brashi alitoa pochi mfuko wa nyuma, akatoa ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakumpa mkononi. Aliiweka juu ya sanduku, akarudi nyuma. Hamira aliikunjua, akaisoma, akaisoma tena. Haikuwa na maneno mengi. Virusi havikuonekana.

"Havikuonekana," alisema.

"Ndiyo."

"Kila Ijumaa nilikuuliza, 'Yametoka?' Ukaniambia bado, mashine yao mbovu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Brashi alisema na sakafu. "Nilipokuwa hatari, nilikuwa na sababu ya kulala kule. Nikikuambia hatari imekwisha, ungenifungulia mlango. Ungeniita. Na mimi ningekuja na mwili huuhuu niliokwenda nao kwa yule. Siwezi, Hamira. Nikikuona tu umelala nakumbuka nilichofanya. Mikono yenyewe naiona kama si yangu. Virusi vimelala, sawa. Lakini hii aibu haina kidonge."

"Kwa hiyo ukanifungashia nguo."

"Niliona heri uende. Bado kijana. Utapata mtu."

"Nitapata mtu!" Aliyarudia maneno hayo taratibu, kama anaonja kitu kilichochacha. "Yule mwanamke nilikusamehe nusu. Nusu nyingine nilikuwa naitafuta, Mungu shahidi yangu. Ugonjwa nimeuzoea, saa ya dawa yako naijua kuliko saa ya kuingia kazini. Lakini wiki saba nimelala nimekumbatia mto, nasikia makopo yakigongana, najiambia vumilia, bado kidogo tu. Na wewe umekalia karatasi. Mchana kutwa umeikalia, juu ya ngazi, unaandika majina ya maduka ya watu." Alifuta nyusi, unga ukaingia jichoni. "Hukunikinga mimi na kitu. Ulijikinga wewe, nisikuone."

Dada aliinuka, akatia mkoba begani.

Hamira alikamata mpini wa sanduku. "Dada, twende."

"Hamira," Brashi alisema.

"Si ndicho ulichotaka?"

Sanduku lilikuwa zito, na mwanamume yule, kwa mazoea ya miaka, aliinuka na kunyoosha mkono amsaidie. Hamira akalivuta upande wake.

"Usiniguse," alisema. "Umeshazoea."

*

Kwa dada yake alipewa chumba cha binti mkubwa, aliyekuwa bwenini. Nyumba ilijaa watu: shemeji, watoto watatu, televisheni isiyozimwa. Hakuwahi kuishi kwenye makelele mengi hivyo, wala kukosa wa kuzungumza naye hivyo.

Asubuhi ya pili alikuta taulo lake limeondolewa bafuni, limetundikwa kwenye msumari wa peke yake uani.

"Shemeji yako ana wasiwasi tu," dada alimwambia, hakumtazama.

"Lakini mimi sina ugonjwa, dada. Na ningekuwa nao, taulo lina kosa gani?"

"Najua. Nimemweleza. Ni wasiwasi tu, utapita."

Haukupita. Kila alasiri alirudi na mkate wa moto kutoka kazini, akauweka mezani. Watoto waliunusa, wakamtazama baba yao, wakarudi kwenye televisheni. Mkate ulikaa hapo mpaka ukawa mgumu wa kugongea msumari. Siku ya nne Hamira aliuchukua mwenyewe akaenda kuwamwagia kuku wa jirani, ambao hawakuwa na wasiwasi wowote.

Kisha mchana mmoja, baada ya kula, alijikuta ameosha sahani yake mbali na za wengine na kuipachika peke yake kwenye kona ya kabati. Hakuna aliyemwambia. Alisimama na mkono hewani. Hivi ndivyo mtu anavyoanza, aliwaza. Anajiwahi kabla hajawahiwa. Akamwona Brashi peke yake jikoni, ameshika ile brashi ndogo, anatia nukta chini ya kikombe kwa uangalifu uleule wa kuandikia bango la duka la dawa, na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyekuwa amemwomba afanye hivyo. Hasira yake haikuondoka. Ilisogea tu kidogo, na huzuni ikakaa kando yake.

Brashi hakumpigia simu. Alimtumia ujumbe mmoja tu kila siku, saa moja jioni, neno moja: "Nimemeza." Zamani ilikuwa kazi ya Hamira kugonga ukuta saa ile kumkumbusha. Hakuwahi kujibu ujumbe hata mmoja. Lakini ikifika saa moja kasoro alikuwa hakai, hali, hasikii anachoambiwa, mpaka simu ilie. Siku moja ilichelewa kwa dakika arobaini. Ilipolia hatimaye, ilimkuta mlangoni, viatu miguuni, mtandio begani. Aliusoma ujumbe, akavua kiatu kimoja, akaketi kizingitini na kingine mguuni mpaka dada alipokuja kumuuliza kama anatoka au anaingia.

"Sijui, dada," alisema. Ulikuwa ukweli mtupu.

*

Wiki ya nne, Jumatano, mwanamke wa kaunta alichungulia chumba cha kuokea. "Hamira, kuna mteja. Anataka mkate lakini hasemi upi. Nimemwonyesha yote. Nadhani anautaka mmoja ulio huku nyuma."

Brashi alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa shati jeupe lisilo na tone la rangi. Hamira hakukumbuka kumwona katika shati la namna hiyo tangu harusi yao. Alimpeleka nyuma, penye magunia ya unga, wakakaa kwenye benchi, baina yao pengo la mtu mmoja.

"Umekonda," Brashi alisema.

"Wewe umenenepa."

"Najipikia."

"Basi si kunenepa. Ni kuvimba."

Walitabasamu wote wawili, kila mmoja akiangalia mbele. Tanuri lilikuwa limetengenezwa na lilinguruma upande wa pili.

"Nilikwenda kwa muuguzi," Brashi alisema. "Nikamwambia yale niliyokuambia wewe. Kumbe kuna kikundi, tunakutana Jumamosi. Nilidhani mimi ndiye mwanamume pekee duniani anayelala stoo. Tuko wanne. Mmoja analala jikoni mwaka wa pili huu."

"Jikoni!"

"Anasema kuna joto."

Hamira alicheka, halafu akahisi kicheko kinataka kugeuka kitu kingine, akakikata. "Umekuja kunisimulia wanaolala jikoni?"

"Hapana." Alikuwa amefumbata mikono kati ya magoti. "Godoro nimelitoa kule. Nalala sebuleni, kwenye kiti."

"Kitanda kina nini?"

"Si changu mpaka useme." Akamgeukia. "Nilikukosea mara mbili, Hamira. Ya kwanza unaijua. Ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana ya kwanza nilikuwa mbali nawe, ya pili nilikuwa hapohapo nakusikia unalia ng'ambo ya ukuta, na nikanyamaza. Nataka urudi. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa sawa. Naogopa. Hata sasa hivi naogopa."

"Unaogopa nini? Karatasi umeiona."

"Naogopa utanishika halafu utakumbuka."

Hamira alitazama mikono yake mwenyewe, unga umekauka kwenye vifundo. Hilo hakuweza kulikanusha. "Nitakumbuka," alisema. "Mara nyingine nitakumbuka katikati ya chakula. Kuogopa utaogopa tu. Ila ogopa ukiwa karibu. Ukienda kuogopea mbali, na mimi naogopa peke yangu."

Brashi aliitikia kwa kichwa.

"Ile nusu sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui kama ni mwaka huu."

"Najua."

"Na karatasi hutanificha tena. Hata risiti ya umeme."

"Hata risiti ya umeme."

Mwanamke wa kaunta alichungulia tena kuuliza kama mteja ameamua. Hamira akasimama, akapangusa aproni. "Jumamosi," alimwambia mumewe. "Baada ya kikundi chako. Usije kunichukua, nitakuja mwenyewe. Nilitoka kwa miguu yangu."

Jumamosi hiyo dada alimkuta anafunga sanduku. Alisimama mlangoni, akaanza maneno ya mama, ya mjukuu, ya umri, yakamwishia njiani. "Una hakika?" aliuliza.

"Sina."

"Na unakwenda."

"Nakwenda, dada."

Dada alikwenda jikoni. Hamira alipopita na sanduku alimkuta amekata kipande cha mkate wa jana, anakula amesimama, mkavu, bila chai. Alitafuna polepole, macho yakiwa na machozi, akameza. "Unga ni mzuri," alisema. Hakusema zaidi, na mdogo wake hakumdai zaidi.

*

Aliingia kwake saa tisa mchana. Brashi alikuwa amefagia, ameosha mapazia, amepika kitu ambacho wote wawili walikubaliana kutokigusa. Walizungumza habari za tanuri. Walizungumza habari za bango ambalo mwenye duka alitaka liandikwe upya kwa sababu ya herufi moja. Maneno yalipowaishia, Hamira alikwenda chumbani, akavua viatu, akajilaza juu ya shuka na nguo zake, pazia wazi, jua limejaa kitandani.

"Njoo," aliita.

Brashi alikuja. Alilala ukingoni kabisa, chali, mikono kifuani, kama mtu anayepimwa jeneza.

"Sogea."

Alisogea shibiri moja.

"Sogea, mume wangu."

Alisogea tena. Sasa Hamira aliweza kuisikia harufu yake, tapentaini na sabuni, na joto la bega lake ambalo halijamgusa bado. Akamgeuzia mgongo, kwa kuwa alijua kutazamana kungemshinda. Dakika zilipita. Kisha mkono ukamjia juu ya nyonga, baridi, ukisimama hewani nusu kabla ya kutua.

Miezi mingi alikuwa ameiwazia saa hii, na katika kuiwazia kwake alikuwa na furaha kila mara. Sasa alilia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, yakapita juu ya pua na kulowesha mto wa kulalia, na hakujua ni ya nani: ya yule mwanamke, ya zile wiki saba, au ya taulo lililotundikwa uani.

"Niutoe?" Brashi alinong'ona.

"Usithubutu."

Aliuacha. Ulikuwa mkono mzito, haujui bado pa kukaa vizuri. Nyuma yake Hamira alihisi kifua cha mumewe kikipanda na kushuka kwa haraka, kama cha mtu aliyekimbia. Polepole kikatulia. Jua likahama kutoka kitandani hadi ukutani. Pumzi ya Brashi ikawa ndefu, ikawa nzito, na vidole vikalegea juu ya nyonga yake, wazi, vimemsahau mwenyewe.

Hamira hakulala. Alibaki macho, machozi yakimkaukia, mguu mmoja umekufa ganzi. Hakuthubutu kujigeuza, asije akamwamsha, naye akakumbuka kuogopa.